Mjane Asiye na Vaibu

Jumanne, usiku

Enaji. Vaibu. Mhariri wetu wa redio ana maneno hayo mawili tu, na leo yote yamemwangukia Mama Ndeshi wa Kibosho, mjane ambaye jirani yake wa juu ameziba mfereji na migomba yake inakauka.

“Huyu bi mkubwa yuko flati, kaka,” aliniambia tukisikiliza sauti niliyorekodi. “Hana vaibu kabisa. Kapoa kama ugali wa jana.”

Nikamweleza kwamba mama alikuwa ameshika jani la isale, anamwomba jirani wapatane. Mwenye isale mkononi hapandishi sauti.

“Sawa. Basi tumtie enaji kidogo.”

Akaweka ngoma ya harusi chini ya maneno yake, ikarushwa jioni.

Mama amenipigia simu, kwa sauti ileile ya chini. “Mwanangu, kesho mkutano wa kijiji unasikiliza shauri langu la mfereji. Watu wananipongeza. Wanasema wamenisikia nikisherehekea, kwa hiyo maji yamesharudi.”

Nina wasiwasi na huo mkutano. Nimemwandikia mhariri maneno ya mama, neno kwa neno.

Amejibu: “Umeona? Imebamba.”