Mizinga Mitatu na Mtaro wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Nyuki wamelewa! Mke wangu kacheka: eti wamerithi kwa mfugaji. Lakini si mchezo. Chini ya mizinga wamejaa chali, miguu inatetemeka. Wengine wanazunguka palepale, kama mimi nikitafuta miwani iliyo usoni. Nimewazoa. Wananata. Nimenawa kwa sabuni, vidole bado vinanata. Kinyaa!

Jumatano, 6 Machi
Nimefungua mzinga wa kati. Asali ya pinki! Kwa ujinga wangu nikafurahi – labda kuna maua mapya. Nikakata sega, nikaliweka kwenye bakuli jikoni, ndipo nikachovya kidole. Tamu, halafu uchungu unafuata nyuma, na harufu ya wodi ya watoto. Nimetema mpaka koo limekauka. Nikarudi kutazama majana, watoto wa nyuki: yamelegea vyumbani mwao kama makamasi. Chakula cha usiku kimenishinda. Mimi! Mke wangu kanishika paji la uso kama naumwa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimewafuata nyuki. Hawaendi mbali, wavivu kama mwenye mali: nyuma ya duka la dawa la shemeji, mdogo wake mke wangu. Mtaro mzima utelezi wa pinki. Nyuki wanakunywa huku wamewakanyaga wenzao waliokufa. Hata inzi wamekufa. Inzi! Uchafu gani huu unaomshinda inzi?

Shemeji akatoka na beseni la chupa. Dawa za maji za watoto, za kikohozi, antibayotiki, zote zimepita muda. Anafungua, anamwaga, anasuuza. Nikafoka: unaniulia nyuki! Akabaki ananishangaa.

"Shem, si wewe unayeniganda kila wiki, nipe chupa za kutilia asali, nipe chupa? Zamani nilizirudisha kwa wauzaji wa jumla na dawa yake ndani, zikachomwe huko. Sasa ulitaka dawa ijitoe yenyewe?"

Mkononi nilishika mfuko mtupu – wa kubebea chupa.

Jumamosi, 9 Machi
Mizinga miwili kimya. Wa tatu unanguruma kwa mbali, kama mzee anayesinzia kikaoni. Shemeji ameapa hamwagi tena. Nyuki nimewawekea maji safi. Wanayapita hivihivi, wanaelekea mtaroni. Wamezoea utamu, mafisadi hawa!

Hodi. Jirani, mtoto mgongoni. Anataka tena asali ya pinki, ile ya juzi. Ya juzi?! Mke wangu anatabasamu: ile ya kwenye bakuli, jamani, ungeiacha ioze? Jirani anamsifu. Mtoto hakohoi tena, anasema. Tangu ailambe ni kulala tu – usiku analala, mchana analala, hata kunyonya anasahau.

Nimekimbilia chumbani, nimesema natafuta chupa. Nitaanzaje? Jirani, asali yangu – jirani, mkimbize mtoto –

"Baba watoto! Chupa umezipata?"

Ziko hapa miguuni. Safi, zinang'aa. Mtoto sijamsikia hata kulia –