Mipira Kumi na Saba

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na za kwanza ni za Mama, ambaye amenisimamia kichwani mpaka nimeziandika. Hujambo? Kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea kimekuachia? Huko kiwandani wamewapa miwani mipya, au bado mnapokezana? Sisi hatujambo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu. Likishapata moto anapanda ngazi kunishinda. Mimi niko palepale kwenye duka la miwani, nasaga vioo na kukaza skrubu ndogo kama punje za ufuta. Baba naye ni mzima. Najua ukifika kwenye neno hilo unataka kuikunja karatasi. Tafadhali usiikunje. Kwenye simu kila nikimtaja unanikatiza, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Sasa shika kiti. Gari limewaka! Lile lile, la turbo, lililokaa miaka minne chini ya turubai mpaka paka wa jirani akalifanya nyumba ya uzazi. Limewaka Jumamosi saa tisa alasiri, na mpaka sasa mikono yangu inanuka petroli, nami sitaki hata kuinawa.

Ilianza Baba alipostaafu kiwanda cha uchapaji. Wiki mbili za kwanza alipanga sufuria za Mama kwa ukubwa, akahamisha kabati, akaandika majina kwenye makopo ya jikoni. Wiki ya tatu Mama akamwambia achague moja: ama yeye apate cha kufanya, ama Mama akatafute kazi ya kuajiriwa. Kesho yake Baba akavua turubai.

Akamleta Fundi Kimya. Humjui huyu. Anaitwa hivyo kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Akaitoa injini, akabadilisha pistoni iliyoungua pamoja na nyingine zote, akaikagua turbo, ile inayoisukumia injini hewa, akakuta ni nzima. Siku ya kurudisha kila kitu mahali pake, alikuja barazani na beseni limejaa mipira ya kupitishia hewa na maji, vali na vibomba vya chuma vilivyosokotana, akalimwaga lote juu ya meza ya Mama ya kupigia pasi. Akasema hafungi hata kimoja mpaka sote tujue kazi yake. Waliolitengeneza gari hili, alisema, hawakujua litauzwa wapi, kwa hiyo walilifungia vitu vya kila nchi, ya theluji na ya jangwa. Kila mpira uliozeeka ni mahali pengine pa kuvuja, basi tusivyovihitaji vitoke.

Mimi nilikuwa nimepeleka chai tu. Nilipomwona anahangaika na kibano kidogo kwa vidole vyake vinene, nikamwomba bisibisi. Mdogo wangu, saa sita ilinikuta mikono imezama chini ya boneti mpaka viwikoni na chai imepoa!

Sijui nikueleze vipi raha yake. Unafungua nati mbili, unavuta, na kitu kilichokaa humo miaka zaidi ya ishirini kinatoka mkononi mwako, na nyuma yake unaona ukuta wa chuma ambao hakuna aliyeuona tangu kiwandani. Tulitoa kompresa ya kiyoyozi, iliyokufa zamani, pamoja na mabomba yake. Tukatoa kile kidude cha kushikilia mwendo, ambacho Baba aliapa hajawahi kukigusa hata siku moja. Tukatoa tangi la maji ya kuoshea taa za mbele. Kulikuwa na mirija ya maji ya moto ya kuzuia koo la kuingizia hewa kwenye injini lisigande kwa barafu. Fundi Kimya akauliza mara ya mwisho barafu tuliiona wapi zaidi ya kwenye friji, basi nayo ikatoka. Nilipofika kwenye kopo jeusi linalonyonya mvuke wa petroli alinipiga kibao cha mkono. Hilo linabaki, alisema, labda kama napenda kuendesha huku nimelewa harufu.

Jumamosi tatu tulifanya hivyo. Mama alileta mizani yake ya bafuni, akapima kila rundo, akaandika ukutani kwa chaki. Kilo ishirini na sita! Mipira peke yake tuliihesabu kumi na saba. Chini ya boneti sasa unaona mpaka sakafu. Ukidondosha spana inaanguka chini kwa mlio, haipotei kama zamani. Na Baba anaimba. Siku moja nilifikia nati iliyofichika nyuma ya turbo, akasema kwa furaha, "Huo mkono ni kama wa..." na kabla hajataja jina akaanza kufuta koleo lililokuwa safi.

Siku ya kuwasha, majirani walipanga viti kama wanasubiri arusi. Mara ya kwanza likakohoa. Mara ya pili likakohoa likatema moshi. Mara ya tatu likanguruma, Mama akapiga kigelegele, paka akakimbia na hajarudi. Fundi Kimya akakanyaga mafuta kidogo, ukasikia ule mluzi wa turbo ukipanda, na nakuapia, dakika nzima mtu yule hakusema neno.

Mimi nilicheka na wengine. Lakini mfukoni mwa aproni nilikuwa na kitu, na sasa nitakuambia.

Asubuhi ya siku hiyohiyo Fundi Kimya alitenga mpira mmoja mwembamba, akasema huu ndio usiotolewa kamwe. Huu ndio unaoiambia turbo kwamba presha imetosha. Ukichomoka, turbo haijui basi. Inasukuma tu, na gari likipanda mlima kwa nguvu, pistoni inaungua. Kisha akasema hivyo ndivyo gari letu lilivyokufa, ila hajui mpira ulichomoka kwa nini.

Mimi nilijua. Kwenye rundo lililokuwa mbele yangu niliona kiungo cha plastiki cha mpira ule. Kilikuwa na ufa, na juu ya ufa kulikuwa na rangi nyekundu ya kucha.

Siku nne kabla hujalichukua gari, nilikuwa naongeza maji ya waipa. Chupa ikaniponyoka, ikavunja kiungo kile. Nilimwogopa Baba, nikakipaka rangi ya kucha iliyokuwa mkobani, nikaurudisha mpira, nikafunga boneti. Gari lilipokufa mikononi mwako nilijiambia kitu kidogo vile hakiwezi kuua injini nzima. Nilijiambia hivyo kwa sababu nilitaka kiwe hivyo. Nilikuwa mlangoni uliposema hukufanya kitu, na Baba akasema gari halijiui lenyewe. Nilikuona unabeba begi. Nilishika pazia, sikufungua mdomo. Miaka minne sikuufungua.

Jumapili, baada ya chakula, nilikiweka kiungo kile mezani mbele ya Baba, nikamwambia yote. Alikigeuzageuza. Mama aliinuka akaondoka mezani, na mpaka leo ananijibu kwa kichwa tu, haki yake. Baba aliniuliza swali moja: "Kwa hiyo kijana alikuwa anasema kweli?" Nikasema ndiyo. Akaenda kukaa ndani ya gari, milango imefungwa, hakuliwasha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaniambia mimi na yeye tutaongea, lakini kwanza nikuandikie.

Sikuombi unisamehe haraka. Kasirika kadiri unavyotaka, niandikie matusi, nitayasoma yote. Ila ujue kwamba nyumba hii sasa inajua hukukosa. Fundi Kimya ameshalitangaza hilo mpaka sokoni, na mara hii nashukuru mdomo wake.

Wasalimie wenzako wa chumbani, na huyo mama anayewapikia. Mama anasema ule vizuri, na hilo ndilo neno refu kuliko yote aliyoniambia wiki hii.

Nakupenda, na nina aibu.

Ni mimi, dada yako.

Baba ameomba nimwachie nafasi hapa chini. Amechana karatasi tatu tangu asubuhi.

*Mwanangu, nilikukosea. Sikukusikiliza. Niambie siku, nitakuja mwenyewe kukuchukua. Baba yako.*