Nyuzi Ulizotufunga

Kwako Mama,

Bangkok ina joto la kuchemsha ubongo. Siku ya kwanza mimi na mwanao Khamla tulizurura mpaka viatu vikatuuma, tukila wali wa kunata kama wa kwako, tukishangaa maghorofa. Akaninyooshea kidole moja lililokuwa bado linajengwa.

“Lile ndilo nitakalopanda kesho kazini. Ukinipungia mkono nitakuona.”

“Wewe nzi kwenye supu humwoni, utaniona mimi?”

Alicheka, akaninunulia barafu ya sukari.

Nyuzi nyeupe za baraka ulizotufunga mikononi wakati wa kutuaga, Mama, hakuzivua. Wenzake wa Bangkok walimtania kwamba amevaa bangili za bibi harusi. Akawajibu, “Kafunga mama’ngu.”

Jana jukwaa la mafundi lilikatika naye akiwa juu. Uso wake walinificha. Nilimtambua kwa nyuzi zako.

Najua kwetu aliyekufa kwa ajali haingizwi kijijini, huzikwa msituni asije akaita wengine wamfuate. Wazee watakukumbusha. Lakini mimi namleta mpaka mlangoni pako, na nyuzi zangu bado ninazo.

Ulituaga wawili. Tupokee wawili, au utufungie mlango sote.

Mkwe wako,
Vanhkham