Ng'ombe Aliyetaka Kuimbiwa

Mjukuu wangu Furaha,

Sisi wazima, maharage yamekomaa, na mume wangu mpya, Papa Bahati, ananiimbia kila asubuhi hadi naona haya kama msichana!

Unaniuliza kwa nini homoni unazozipigia hesabu chuoni hazitiririki, bali hutoka kwa mapigo. Mimi niliona jambo kama hilo kule kijijini Kirolirwe, wakati wa vita. Mama yako alikuwa mtoto mchanga, maziwa yangu yalikuwa yamekauka, nikawa namkamua ng'ombe wa watu kwa pupa. Hakutoa hata tone.

Mchungaji wake kijana alicheka kuona ng'ombe ananikatalia. "Iko nakukatala, dada! Umwimbie kwanza."

"Mutoto analia, kaka!"

"Njo maana, umwimbie."

Akaimba yeye, akipapasa kiwele. Tulingoja sana, hakuna kitu. Kisha maziwa yakashuka kwa ghafla, mengi, ya moto, na mama yako akashiba. Nadhani hesabu zako zinasema hivyo: kitu kimoja hujaa polepole, kingine hufunguka mara moja.

Mchungaji yule ndiye Papa Bahati. Alikaa miaka mingi bila kuniposa. Mwezi uliopita aliniuliza, nami nikaitika kabla hajamaliza.

Koko wako, bibi arusi