Hutosali Hewani, Bibi

Sidab, Muscat

Bibi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nakushika miguu kutoka huku mbali. Goti linaendeleaje, na usingizi unaupata? Sisi hatujambo, ila Mama miguu inamvimba, na daktari bado amemkataza kusafiri. Kwa hiyo mara hii hawezi kuja Pemba kujifungulia mikononi mwako, kama alivyotuzaa mimi na kaka.

Bibi, naomba radhi. Wiki iliyopita ulikataa kuja kwa sababu yangu. Uliniuliza kwenye simu ndege inachukua muda gani kutoka Unguja, nikakwambia zaidi ya saa sita. Ukanijibu: "Basi sala zitanikuta hewani. Mie sijapata kusujudu pasipo ardhi, na sianzi uzeeni."

Mama akaichukua simu, akasema haidhuru, akaenda kukunja nguo.

Nilikosea. Nilitoa wakati wa kuondoka katika wakati wa kufika, nikasahau kuwa mmoja ni wa Unguja na mwingine wa hapa, na saa zetu ziko mbele yenu kwa saa moja. Baba alipoliona daftari langu alicheka. "Umemkalisha bibi yako hewani saa nzima bure," akasema.

Nikaanza upya. Mwalimu wa jiografia aliniazima tufe, nikapima kwa uzi. Ni karibu kilomita elfu nne, mwendo wa saa tano na robo. Tena nikaona kuwa Pemba iko karibu nasi kuliko Unguja. Ndege ndogo itakupeleka kusini kwa nusu saa, kisha ile kubwa itakurudisha kaskazini, karibu na paa lako. Bi Zuwena, jirani yako, asije akatangaza kuwa umeghairi.

Unguja utaondoka saa nane mchana. Adhuhuri na Alasiri utazikusanya uwanjani kabla ya kupanda, kama msafiri. Hapa utatua saa mbili na robo usiku, na Magharibi na Isha utazikusanya ukishashuka. Nimemuuliza mwalimu wa dini, amesema ni sawa. Hakuna hata moja utakayoisali hewani. Nimehesabu mara tatu, na Baba amehakikisha.

Mama hatokwambia haya, kwa kuwa anaona haya kukuomba mara ya pili. Lakini jana nilimsikia akimuuliza mke wa ami namna ya kumkanda mzazi, nani atamchemshia maji, nani atamfunga tumbo siku zote arobaini. Mke wa ami hajui. Nami sijui, ila kama hukuja nitajifunza, maana Mama hatoachwa peke yake. Ningependa unifunze wewe.

Barua hii anakusomea Mjomba Seif. Ukikubali, mwambie hapo hapo, kabla hajaikunja, anipigie.

Nisalimie shangazi na watoto wake, na Bi Zuwena. Kaka anakubusu mkono.

Mjukuu wako akupendaye,
Rayyan