Safu ya Mafundi

Jumatatu, 4 Mei 1953
Orodha ya wafanyakazi bado. Afisa wa Kazi anakuja wiki ijayo kutoka Mwanza. Anataka kujua mgodi wetu una Wazungu wangapi, Wahindi wangapi, Waafrika wangapi, na kila mtu anafanya kazi gani. Nimechora safu. Mafundi Waafrika: mmoja. Masanja, mwendesha winchi ya kushushia watu shimoni. Miaka sita, hajaangusha mtu.

Jumanne, 5 Mei
Meneja kaweka kidole kwenye jina la Masanja. "Huyu kibarua."
"Bwana, ndiye anayeendesha winchi."
"Anamsaidia fundi."
Fundi gani? Fundi Mzungu aliondoka kabla ya Krismasi. Nimefuta. Nimeandika kibarua. Mwandiko mzuri kabisa. Najichukia.

Jumatano, 13 Mei
Afisa kaja. Kasoma, kanywa chai, kaondoka. Shimoni hakwenda. Mafundi Waafrika: sufuri.

Alhamisi, 21 Mei
Kwa kuwa kwenye orodha winchi haina fundi, kijana wa Kizungu kaletwa kuishika. Hajawahi kuigusa. Masanja kapewa siku tatu amfundishe. Adhuhuri alikuja dirishani kwangu.
"Karani, naambiwa kwenye karatasi mimi ni kibarua. Nani kaandika?"
Nikasema sijui.
Alinishukuru. Alinishukuru!

Jumatatu, 25 Mei
Masanja kapewa sururu. Yuko chini na wachimbaji. Asubuhi alinisalimu, "Mwangaluka, Karani," kama siku zote. Nikajifanya natafuta kalamu.

Jumanne, 2 Juni
Nimekwenda kwa meneja kuomba arudishwe kwenye winchi. Kasema hakuna kazi ya namna hiyo kwa Mwafrika, nitazame orodha yangu mwenyewe.

Ijumaa, 5 Juni
Mwamba umeporomoka. Wachimbaji wa siku nyingi waliijua sauti ya mwamba unaotaka kuanguka, wakakimbia. Masanja hakuijua. Wamemtoa saa tisa alasiri, amekwisha kufa.
Meneja kaniambia niandike kwenye taarifa ya kifo: kibarua mmoja. Nikaandika jina lake, na mbele yake: fundi wa winchi. Akaichana karatasi. Nikaandika tena. Akanifukuza kazi. Heri angenipiga. Mwezi mzima nimechelewa.

Jumapili, 7 Juni
Tulimzika jana. Leo nimekwenda kwa mkewe, Mama Nkwimba. Alikuwa amekaa mkekani na wanawake wa jirani. Nikapiga magoti.
"Mama Nkwimba, ile karatasi niliandika mimi."
"Alikuja kukuuliza."
"Alikuja. Nikamwambia sijui."
Akaniangalia mpaka nikainamisha kichwa. Hakulia, hakunifukuza.
"Kaka yake marehemu anatoka Chato," akasema. "Anafika na basi la jioni. Utamwambia wewe ulichoandika. Mimi siwezi kulitamka neno hilo."
Nimekaa kando ya njia, kwenye jiwe. Mmoja wa wanawake wale kaniletea maji ya kunywa. Basi bado.