Mwenye Cheti Ni Mimi, Mlango Siruhusiwi

Bi Rahima, shikamoo. Majibu yako nimezoea kuyasoma dukani kwa Jumaa nikisubiri kupimiwa sukari, nacheka peke yangu, nasema huyu naye amekosa ndugu mpaka akaandike gazetini, na leo ni mimi nimekaa na kalamu, kwa hiyo ukinicheka nimestahili.

Mimi ni Gati, naishi Nyamwaga kwenye mji wa baba mkwe wangu, Mzee Kisyeri. Kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa majumbani, nilimaliza kidato cha nne nikaenda chuo, nikafanya mazoezi hospitalini, nikapewa cheti ambacho kimetundikwa sebuleni karibu na picha ya harusi, na tangu hapo nazunguka vitongoji na begi langu mgongoni, naosha watu, nageuza watu, nafunga vidonda, wengine nimewafumba macho kwa mkono huu, na hakuna nyumba huku ambayo nikipiga hodi wananikatalia. Iko moja tu. Hiyo moja ni ya kwetu.

Baba alipooza upande wa kulia mwaka jana, muda mfupi baada ya mama mkwe kufariki, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa mbali na choo tulimhamishia chumba cha mwisho cha nyumba yetu, chenye mlango wake wa nje, tukabaki tumetenganishwa na ukuta wa tofali. Wewe uko Mugumu, Wakurya unatujua, mke wa mtoto haingii anapolala baba mkwe, hamshiki mkono, haoni mwili wake, sembuse kumwosha. Tangu niolewe sijawahi kumpa baba mkono wa salamu wala yeye hajawahi kunipa, ndiyo heshima yetu, na sikuwahi kuiona mzigo mpaka alipougua.

Mume wangu Marwa ni dereva wa watalii, makazi yake Arusha, kila mara ananitumia picha za simba wamelala chini ya migunga huko Serengeti. Baba alipotoka hospitali nilimpigia, akaniambia, "Tafuta mtu wa kumwangalia mzee, lakini awe na sifa, awe na cheti, sitaki mtu wa kubahatisha." Nikamwambia, "Marwa, mwenye cheti ni mimi." Akacheka. "Wewe ni mkwe, Gati. Mimi nasema mtu." Sijui kama alijisikia alivyosema, aliaga akakata simu, nami nikabaki jikoni nimeishika, ugali unaungua.

Basi nikatafuta, na wenye cheti wanaozunguka majumbani kata yetu ni wanawake, tena wameolewa na watoto wa ndugu za baba, kwa hiyo nao kwake ni wakwe vilevile, ndipo tukampata Werema, mtu mzima, mpole, aliyekuwa anafanya kazi kwenye josho la ng'ombe. Sifa yake ni nguvu. Simsemi vibaya, anampenda baba, wanapiga stori za ng'ombe wa zamani nawasikia wanacheka, ila anamlaza ubavu mmoja kutwa nzima. Nikipaza sauti huku kwangu, "Werema, mgeuze mzee!" ananijibu, "Mama, amekataa, anasema anaumia." Nami namwambia anaumia kwa sababu hageuzwi, naye anasema sawa mama, na sisikii kitanda kikilia.

Bi Rahima, asubuhi baba alikuwa ananigongea ukuta. Anagonga kwa ule mkono wake mzima, polepole, nami nikiwa natandika kitanda nagonga kumjibu, ndiyo ilikuwa salamu yetu, hatukuipanga, ilianza tu. Mtoto wetu yuko shule ya bweni, Marwa akipiga simu ni "mzee anaendeleaje" basi, majirani wakiniona na begi wanajua nina haraka, kwa hiyo ule mlio wa kidole ukutani ndio ulikuwa mtu wangu wa kwanza wa siku, na siku nyingine ndiye mtu wangu pekee.

Sasa kuna harufu. Imepita mlango wa nje, imeingia dirishani kwangu, na mimi harufu ile sihitaji kuambiwa, nimefundishwa na nimeikuta kwenye nyumba za watu. Nilimwuliza Werema akasema ni kidonda kadogo tu hapa chini ya mgongo, nikamwambia nionyeshe ukubwa, akakunjua kiganja chote, tena akaniambia nisiwe na wasiwasi, anavunja kapsuli anamwagia unga. Nilitaka kulia. Kituo cha afya yupo Godwin, nesi tuliyesoma naye, lakini nitaanzaje kumwambia kwamba kidonda hiki kiko nyumbani kwangu, mimi ambaye nawasema wake za watu kwa kutowageuza wagonjwa? Tayari wananitania mganga hajigangi.

Halafu juzi Werema alienda mnadani, nikasikia kishindo. Baba ameanguka. Nilivaa glavu nikakimbia mpaka mlangoni kwake, mlango ulikuwa umerudishwa tu, nikasikia anasema, "Nani?" Nikasema ni mimi baba, Gati. Akasema, "Usiingie mkwe wangu. Sina nguo. Niache na heshima yangu." Nikamwambia baba nitafumba macho, akasema hapana, sauti yake ikawa ya mtu anayelia, na mimi miguu ikakataa. Nilikaa kizingitini na glavu zangu mkononi, yeye sakafuni, tukasikilizana tunavyopumua mpaka Werema aliporudi.

Shangazi yake Marwa, Mogesi, alipopata habari alinisifu, akasema, "Umefanya vema. Ukiuvuka mlango ule usije ukasema hukuambiwa, una mtoto wewe." Nimesifiwa kwa kumwacha mgonjwa sakafuni. Na tangu siku ile baba hajagonga tena. Natandika kitanda, nasubiri, natandua, natandika upya, ukuta kimya.

Nikiingia nimevunja heshima ya mzee na mji mzima utanikataa, nisipoingia atakufa kwa kidonda ninachojua kukitibu. Niambie, Bi Rahima, niingie?

Gati wa Nyamwaga

*

Gati mwanangu, marahaba. Sijakucheka. Nimekukasirikia, na nianze na hasira ili tuimalize.

Harufu unaijua, ukubwa umeonyeshwa, halafu ukachukua kalamu! Angekuwa mzee wa kitongoji cha pili ungemngoja hata mpaka jioni? Ungempigia Godwin ukiwa bado njiani. Huyu wa kwako umemwandikia gazeti, na kidonda hakisomi magazeti. Barua yako nimeipata Jumatatu, nimekutumia ujumbe palepale kwa namba uliyoandika, na kama hujaufungua basi funga hili gazeti sasa hivi umpigie Godwin aje na gari la kumpeleka hospitali. Godwin si mkwe wa mtu hapo. Mila yenu imekuzuia mlango, haikukuzuia simu. Kilichokuzuia simu ni aibu yako, uliogopa watu wajue kwamba nyumba yenye cheti ukutani ina kidonda chumbani. Mficha maradhi, mama, kifo humuumbua, na hapa atakayeumbuliwa si wewe peke yako.

Haya, hasira imekwisha.

Umeuliza uingie au usiingie. Mimi si Mkurya, babu yangu alikuja Mugumu kuuza vitambaa akasahau kurudi, kwa hiyo sitakaa hapa kukufundisha mila za kwenu. Ninachokijua ni kwamba mzee mwenye akili zake timamu amesema hapana, na hata kule chuoni walikufundisha hapana ya mgonjwa ni hapana. Maadamu wapo wengine wa kumwosha, usiingie kumwosha. Lakini kuanguka ni jambo jingine. Siku akianguka na hakuna mtu, tupia shuka ndani kwanza, mwambie ajifunike kwa mkono wake mzima, kisha ingia umnyanyue, na kama kuna la kuombewa radhi wazee wataombwa baadaye. Maiti hapokei radhi. Tena usingoje aanguke, waite wazee wa ukoo wiki hii hii, waseme naye hilo mapema ukiwa nje unasikia, ili siku ikifika yeye asilie na miguu yako isikatae. Wao ndio waliouweka mwiko, wanajua unalegezwaje.

Sasa nipe huyo Marwa.

Marwa, najua mkeo atakusomea, na asipokusomea namwomba Jumaa wa dukani aupige picha ukurasa huu akutumie, kwa kuwa wewe ni mtu wa picha. Umetaka mtu mwenye sifa. Tuzitafute pamoja. Awe mwanaume. Awe mtu mzima. Awe anamjua mzee na mzee anamjua. Awe mtu ambaye baba akimwona hatasema usiingie. Umeona anafanana na nani? Mila hiyo hiyo uliyomtajia Gati kwamba yeye ni mkwe ndiyo inayosema wewe ni mwana, na kumwosha baba ni kazi ya mwana. Huwezi kuchukua nusu inayomfunga mkeo ukaiacha Arusha nusu inayokufunga wewe. Unapita Serengeti na wageni, unajua simba wamelala chini ya mti gani, lakini baba yako hujui amelalia ubavu upi. Omba likizo. Umekosa cheti tu, na cheti umekioa. Na lile neno "mimi nasema mtu", utakapofika liombee msamaha kabla hujala chakula chake.

Gati, turudi kwetu. Werema usimfukuze. Mtu anayemchekesha mgonjwa hapatikani kirahisi, na hilo hakuna chuo kinachofundisha. Ila nguvu na moyo havitoshi, apewe mafunzo, na mwalimu unaye mwenyewe nyumbani. Tandika mkeka uani, Werema alale kama mgonjwa na nguo zake, Marwa amgeuze, wewe simama juu yao uwafokee mpaka wajue mto unakaa wapi na muda wa kugeuza ni upi. Kisha wabadilishane. Wakitoka hapo, kila wanapomgeuza mzee wakuambie kwa sauti ngozi ikoje, nawe uwaelekeze ukiwa upande wako. Na zile kapsuli zichukue uzifungie kabatini, dawa ya kumeza haimwagwi kwenye kidonda.

Limebaki moja, ambalo ndilo lililoniuma nilipokusoma. Unadhani baba amekasirika ndiyo maana hagongi. Hakukasirika, mwanangu. Yule ni mwanaume wa Kikurya ambaye mkwe wake amemsikia akilia sakafuni hana nguo, na sasa hajui atakutazamaje hata kupitia ukuta. Mke amemzika, mwanawe yuko porini na wazungu, na aliyekuwa anamjibu asubuhi ni wewe peke yako. Upande ule nako kuna mtu anasubiri. Nyote wawili mmelala na ukuta mmoja, kila mmoja anadhani mwenzake hataki.

Mila imesema usimwone na usimguse. Haijasema asikusikie. Siku atakayorudi kutoka hospitali, ukimaliza kutandika kitanda, usisubiri. Gonga wewe. Na asipojibu, usitandue, gonga tena, halafu useme kwa sauti ambayo ukuta wa tofali hauwezi kuizuia, "Shikamoo, baba."

Bi Rahima, Mugumu